Kompaila Mpya ya Bosi

Shoga, ngoja nikusimulie. Mjukuu wangu amefukuzwa kazi mbele ya macho yangu! Nilikuwa nimempelekea miwani tu ofisini.

Programu yake ya mashine za oksijeni huiuliza kompaila, ile inayoigeuza iwe lugha ya mashine, "Wewe toleo la ngapi?" Bosi kabadilisha kompaila kimyakimya. Hiyo mpya huhesabu matoleo kivyake, ikajibu "nne", wakati ile ya zamani ilishafika kumi. Programu ikadhani ni kuukuu, ikairuka sehemu ya king'ora kinacholia oksijeni ikikatika.

Kwenye majaribio oksijeni ikakatika, mashine kimya.

"Ulipaswa kujua," bosi anamwambia. Kujua! Ajue alichofichwa?

Mfagiaji tu ndiye aliyembebea mkoba, Mungu ambariki.

Mlangoni mjukuu wangu akageuka: "Bosi, msizipeleke mashine hizo hospitali bila king'ora."

Unajua alijibiwa nini, shoga?

"Si kazi yako tena."