Uzi kwenye Chupa ya Mama

Kasongo,
14 Mei 2024

Mpendwa Kaka Yakubu,

Assalamu alaikum. Mko salama huko Kabambare? Kifua cha wifi Hawa kimepoa? Barabara ni matope matupu. Barua ikikufikia imelowa, mlaumu huyu wa pikipiki, si mimi.

Sisi tu wazima, ila Mama. Jicho la kulia limezima kabisa. La kushoto bado linaona mwanga wa mlangoni, na ndilo tunalolipigania kwa yale matone ya presha ya macho. Unakumbuka Baba alivyomfungia uzi mweusi shingoni mwa chupa, aitambue kwa vidole, asiichanganye na ile aliyopewa Baba mwenyewe alipopasuliwa jicho. Chupa zenyewe ni mapacha.

Baba alipofariki, shangazi alikataza vitu vyake visiguswe mpaka arobaini ipite. Vyote vikabaki juu ya sanduku lake, pamoja na dawa yake. Ya Mama ilipoisha nikanunua mpya. Haikuwa na uzi.

Asubuhi moja nikamkuta Mama amekaa mbele ya sanduku, anatabasamu. "Baba yenu ananipatiaka dawa mu mukono," akasema. Nikamtazama mkononi. Alichoshika ni chupa ya Baba! Muganga wa hospitali akaniambia wazi kwamba dawa ile itampandishia presha ya jicho, na akiendelea nayo hata mlango hatauona.

Basi nikaichukua, nikaifukia nyuma ya nyumba. Shangazi hanisemeshi hadi leo, eti nimemnyang'anya marehemu. Na anune! Macho hayauzwi sokoni.

Kaka, linalofuata sijamwambia mtu. Kesho yake nilikuta chupa mpya ina uzi mweusi shingoni, kwa lile fundo la wavu ambalo Baba alikufundisha wewe peke yako. Nyumbani tulikuwa mimi na Mama tu, na mikono ya Mama inatetemeka, hata kitambaa cha kichwa namfunga mimi. Akalipapasa, akacheka: "Sasa iko muzuri." Naogopa, sikufichi.

Siku hizi namtilia matone mwenyewe. Nikimaliza anageuza uso upande wa sanduku, anasema asante.

Chupa hii inakaribia kwisha. Njoo kabla sijanunua nyingine, uifunge wewe. Sitaki kuamka nikute imeshafungwa.

Nisalimie wifi, Fadhili na Asma mdogo. Mungu awafunike kwa rehema zake. Mama anawaombea dua. Anasema Baba naye anawaombea.

Mdogo wako akupendaye,
Mounira