Jumamosi Tunavunja Jungu, Wifi

Wifi yangu wee,

Ukiona barua, ujue simu nimeiogopa. Kwenye simu ungenikatiza, nami siku hizi nikifurahi maneno yanatoka kama bomba lililopasuka. Na leo nimefurahi, wifi, nimefurahi mpaka basi! Jumamosi tunavunja jungu. Nyumbani Magomeni, uani kwa mama, kama zamani. Tutakula mpaka tushindwe kuinuka, Ramadhani itukute tumeshiba. Na nakutaka uwepo.

Najua utakalosema, maana juzi umelisema. Tulipokutana Kariakoo pale kwenye tende, tukakumbatiana katikati ya njia mpaka wabeba mizigo wakatufokea, "Mama, pisha! Mzigo huo!", nilikualika hapo hapo. Ukacheka kidogo. Ukaniambia, "Nije kama nani, wifi? Kaka yako kaniacha, eda imekwisha, hata mtoto sina wa kusema namleta kwa bibi yake." Ukalipia tende zako, ukaondoka. Basi leo nisikilize.

Hivi unaukumbuka mwaka wako wa kwanza? Ndoa mbichi, hina bado mkononi. Mama kapika pilau ya nyama kwenye ile sufuria kubwa ya shughuli, kuna samaki wa kupaka waliotoka Feri asubuhi ile ile, kachumbari, mikate ya kumimina. Tukaketi mkekani, mimi na wewe sinia moja. Ukawa unakula upande wako tu, tonge dogo dogo, macho chini, utafikiri katikati ya sinia pamechorwa mpaka. Mama akaninong'oneza, "Huyu kaja kula au kaja kukagua?" Mara nikaona mkono unavuka! Ukachukua pande la nyama lililokuwa mbele yangu mimi, ukalitia mdomoni lote. "Nisamehe, wifi," ukasema huku unatafuna. "Nimechoka kuwa bibi harusi." Yarabi! Mama alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Siku ile ndiyo nilikupenda.

Ulipopata ulimi, maswali hayakuisha. Kwenu Songea, ulisema, mtu anakula, anashiba, anamshukuru Mungu, yamekwisha. Nyie watu wa Pwani mna majina mangapi ya kula? Mama akakufundisha na kikombe chake cha tangawizi mkononi. Karamu, alisema, ni neno pana, watu wakikusanyika wakala vizuri hiyo ni karamu. Dhifa ni ya wakubwa, unakula na tai shingoni, unarudi nyumbani na njaa. Walima ni wa ndoa. Hitima unakula kwa adabu, maana kuna mtu hayupo. Mnuso ni wa mtaani: harufu ikikufikia, umealikwa. "Na vunja jungu?" ukauliza. Mama akakwambia, "Hapo tunauaga mchana. Mwezi mzima hatutakula nao tena."

Tukadhani umetulia, kumbe unatutungia! Ukamgawia kila mtu neno lake. Mama anadonoa, kama kuku mwenye mawazo. Baba mdogo anaguguna, mfupa ukitoka kwake hata paka anasusa. Kaka anakomba, hakuachii mchuzi hata wa kulowesha tonge. Mimi, eti, nafakamia. Nilinuna, lakini ukweli ndio huo, tonge la kwanza halijashuka la tatu liko njiani. "Na wewe je?" nikakuuliza. "Mimi najichana," ukasema, ukajipigapiga tumbo. Neno la vijana wa vijiweni, tena mbele ya mkweo! Tangu hapo kila mwaka mama akianza kupakua alikuwa anaita, "Yuko wapi huyo anayejichana?" Nawe unaitikia kutoka ndani, bila aibu.

Mlipoachana sikuuliza, na sitauliza. Kaka ni damu yangu, wewe ni wifi yangu, nikajikuta nimekaa kati na sina pa kuegemea. Ila nikwambie kitu. Mwaka jana siku ya vunja jungu tulikula wali kwa maharage, kila mtu na sahani yake, na kaka akawa wa kwanza kunawa. Mama alisema amechoka kupika. Uongo mtupu. Alikukosa wewe, na mimi nilikukosa, na nyumba nzima ilikuwa imepoa.

Jana nikamsimulia mama nilivyokuona na ulivyoniuliza. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta, nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, "Aliyetoa talaka ni mwanangu. Mimi sijamwacha mtu." Wifi, nilipiga kigelegele peke yangu pale uani, majirani wakachungulia wakidhani kuna posa!

Haikuishia hapo. Jioni kaka akapita kumjulia hali mama. Habari alikuwa keshazipata, unajua mtaa wetu. Akauliza taratibu kama ni kweli unaitwa Jumamosi, na yeye sasa atakaa wapi. Hakuuliza kwa ubaya, nakuapia. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye haya. Mama wala hakuuacha ungo wake. Akamjibu, "Njoo, baba. Tutakukaribisha vizuri. Siku hiyo mgeni ni wewe."

Kaka akatazama chini. Halafu akauliza, "Basi nije na nini, mama?"

Akaambiwa alete tikiti maji.

Wewe usilete kitu, wifi. Na usije mchana, mchana ni wa wageni. Njoo asubuhi na kanga ya kujifunga, kuna vitunguu vya kumenya.

Nakungoja jikoni,

Mimi, wifi yako