Blanketi la Cucu Linatakiwa Uingereza

Jumatatu, 7 Julai

Swali ni lile lile tangu nirudi kutoka masomoni Uingereza: naudharau ule mji wa viwanda nilikosomea kwa sababu ulitunyonya enzi za ukoloni, au kwa sababu niliukuta duni kuliko sifa zake?

Maji nimechota. Uji wa Cucu, nyanya yangu mzaa mama, nimepika. Kisha barua pepe: jumba la makumbusho la mji ule linataka blanketi la Cucu nililowatajia nilipolitembelea, lenye lebo ya kiwanda chao. Eti litakuwa "limerudi nyumbani". Nyumbani wapi? Kiwanda sasa ni nyumba za kupanga na mkahawa. Barabara kuu imebakiwa na kinyozi, duka la kamari, na maduka ya hisani yanayouza nguo kuukuu. Zisizonunuliwa huko huishia Gikomba, soko letu la mitumba. Mji uliojigamba kuvisha dunia sasa unatupa masalio.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwambia Cucu. Blanketi hilo alivishwa mabegani siku ya ruracio ya mama yangu, wazee wa upande wa baba walipoleta mahari.

"Wanaitaka? Wakuje na mbuzi na wazee wao. Kitu ya ruracio haipeanwi kwa simu."

Kaka yangu Kamau akacheka. "Cucu, mzungu atapandisha mbuzi ndege?"

"Hiyo ni shida yake na mbuzi."

Nimewaandikia hayo yote kwa Kiingereza cha adabu. Pengine adabu ilizidi.

Jumamosi, 19 Julai

Mbuzi hakuja. Kimekuja kifurushi: blanketi jipya "la kubadilishana", na picha ya kamati ikitabasamu. Poliesta tupu, lebo ya Uchina. Mji wa wafumaji umenunua blanketi dukani! Mleta kifurushi alisubiri mlangoni achukue la zamani. Cucu alilivuta hadi kidevuni, akamtazama mpaka akaondoka.

Jipya liko kwenye kochi. "Kama hizi ziko Gikomba, Cucu. Hii imezunguka tu," alisema Kamau.

Nimewadharau kwa raha. Raha hiyo ndiyo inayonitia shaka.

Jumanne, 29 Julai

Baridi. Niliwajibu hapana.

Cucu amesinzia baada ya chakula cha mchana. Nimemfunika mguu uliochomoza.

Nyumba zetu hapa Kaloleni, Nairobi, zilijengwa kwa safu, kwa ajili ya vibarua, kama za wafumaji wao. Huenda dharau yangu hujikwaa hapo. Katika jumba lile la makumbusho palikuwa na picha ya mfumaji mmoja, mwanamke, macho mazito kama ya Cucu enzi zake za sokoni. Nilimpita bila kusimama.

Swali halijajibika, na sababu ninayo: nilikaa mwaka mzima mjini mle, wala sikumwuliza mtu hata mmoja wale wanawake waliofuma, wao wenyewe walijifunika nini.