Mbegu za Ubuyu na Daraja Langu

Ijumaa, baada ya isha

Mbegu za ubuyu ishirini na tatu. Nimezichambua mtaroni mara mbili, na daraja langu la meno halimo.

Lilikuwa likicheza tangu Jumatatu, na nilijua. Hata hivyo jioni nikakaa barazani na wifi yangu tukimumunya ubuyu, na katika kutema mbegu nikatema na meno yangu matatu ya bandia ya mbele.

Nimempigia daktari wa meno. Asema nikilipata atalibandika kwa nusu saa, lakini jipya ni wiki mbili. Na wanawake wa kuja kumposea kijana wao binti yangu Zuhura waja kesho saa kumi.

"Wewe kaa kimya tu, wifi," akaniambia wifi yangu. "Nitakujibia mimi, usije ukawarushia wageni mate."

Anijibie yeye. Miaka kumi na tisa nimemlea Zuhura kwa cherehani moja, na walimu waliponiita shuleni hakuna aliyenijibia.

Nimejaribu mbele ya kioo. Jibu la posa, "Tumeridhia," latoka upepo mtupu. Nimerudia mara nane.

Alfajiri nitarudi mtaroni na tochi. Nisipolipata, nitasema "tumekubali." Hilo nimelijaribu pia, na halihitaji meno.