Ile ya Kidevuni Haikuwa na Mdomo

Shoga, nimempiga dada. NIMEMPIGA! Bibi harusi wa kesho!

Katoka saluni kwake na kile kichuma cha kukamulia vidoa vyeusi vya puani, akanikalia kifuani. Nikamwambia, "Hii ya kidevuni haina mdomo, iko chini kwenye nyama. Ukiikamua itapasukia humo humo!"

Akasema, "Chunusi ni chunusi."

Chunusi ni chunusi, shoga! Akabinya mpaka nikaona nyota. Usaha hakuna, damu tupu, na bado anabinya!

Ngumi ikaenda yenyewe.

Sasa mimi kidevu kimevimba kama puto, yeye jicho halifunguki. Mama kafungua mlango, katutazama weee, kisha kasema, "Kesho mtapigwa picha za migongo."