Botini za Kartoni, Mushono wa Baba

Bunia, Mudzipela, Jumamosi, siku ya posho

Kwako yaya Hippolyte, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia katika jina la Bwana wetu, weye na bibi yako Espérance na watoto wote. Natumaini barua hii inawakuta na afya, na kama kuna mwenye homa hapo nyumbani, Mungu amuguse. Siye huku tunapumua. Siandike kama tuko wazuri, maana nimechoka na uongo. Tunapumua tu, na hiyo nayo ni neema.

Utajiuliza mbona Adeline anaandika barua kama wazee wa zamani, na simu iko. Simu yako inalia mpaka inanyamaza yenyewe, yaya. Nimekupigia wiki nzima. Njo maana nimempa barua hii Floribert, shofere wa lori wa mutaa wetu mwenye kubeba mizigo mpaka kwenu Aru, mupakani, na nimemuambia akuwekee mukononi, asimuachie mutu mwingine yeyote.

Unakumbuka vile mudogo wetu Fiston alipata kazi ya ulinzi kwenye depo ya mbao. Kampuni yao haitoe viatu. Kila mulinzi anakuja na botini zake mwenyewe, nyeusi, ndefu, za mutindo wa kijeshi, la sivyo anarudishwa mulangoni. Uliposikia hivyo, ulisema usumbufu wote tukuachie weye, na kweli botini zilifika. Weh, ziling'aa! Fiston alizivaa akazunguka nyumba yote, akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena, mpaka nikamuambia akitaka kupiga paredi aende kwa kambi, aniache nipike sombe yangu.

Weye unajua desturi ya Baba na ufundi wake wa viatu. Kwa nyumba yetu kiatu kipya hakivaliwe nje kabla Baba hajakikunja mara mbili, hajainua ngozi ya ndani, hajapiga kisigino na nyundo na kusikiliza. Ata viatu vya pasta alivipima, na pasta amesimama pale na soksi. Lakini siku hiyo watu wa kwao Sandrine, muchumba wa Fiston, walikuwa wamekuja kuongea mambo ya mahari. Baba alipokea botini, akaziweka magotini, akamurudishia Fiston bila kuzikunja. Nilimuuliza mbona hazipimi. Akanijibu kwamba mutu hapimi zawadi ya mutoto wake mbele ya wakwe, hiyo ni kumuvua nguo, tena Hippolyte alijua kuchagua ngozi kabla ndevu hazijaota. Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka.

Kisha mvua ikaanza. Za kwanza kufunguka zilikuwa ncha za mbele, kama midomo ya samaki. Halafu soli ikaanza kunywa maji, ukiikanyaga inabonyea kama bugali wa jana. Kila asubuhi Fiston alikuwa anazianika pembeni ya makaa. Nilimuambia azilete kwa Baba azishone upya, fundi tunaye nyumbani, kwa nini tuteseke? Akakataa katakata. Alisema Baba ataona haya kwa kuwa hakuzipima, na yaya akisikia zawadi yake imefumuliwa, roho itamuuma. Akaniomba ninyamaze. Heshima, yaya. Mutoto alikuwa anakuwekea heshima kwa viatu vya kuoza.

Siku moja wakashusha mbao za nyumba iliyobomolewa, misumari ikiwa bado ndani. Fiston alizunguka depo kama kawaida yake, akakanyaga. Musumari ulipita soli kana kwamba hakuna kitu, ukaingia katikati ya unyayo. Mwenzake wa kumupokea zamu alikuwa amechelewa, basi akangoja, na muguu ndani ya ile botini yenye maji. Aliporudi nyumbani alifunga kitambaa na kusema ni kamuchomo kadogo. Nilipokuja kuona muguu, ulikuwa umevimba, umegeuka rangi, na harufu yake sitaki kuiandika. Tulimupeleka lopitalo kwa pikipiki, mimi nyuma nimemushika asianguke. Dokta aliongea na mimi kwa Kifaransa. Nikanyamaza. Akafikiri sikusikia, akarudia kwa Kiswahili. Nilikuwa nimesikia toka mwanzo, ila nilitamani niwe nimesikia vibaya.

Wamekata muguu wa kushoto, chini ya goti.

Kampuni imetuma mutu kusema pole na kuchukua yunifomu. Watu wa kwao Sandrine nao wametuma neno zuri kabisa, eti wangali wanaomba Mungu juu ya jambo hili. Unajua wakwe wakianza kuomba Mungu, jambo limekwisha. Sandrine mwenyewe alikuja mara moja, akalia, akaenda. Fiston anakaa mulangoni na kuniambia kila siku kama yaya Hippolyte akikuja, yeye njo ataongea na wakwe, atawapa maneno na watasikia. Roho yake yote imeshikilia hapo, kwako.

Sasa nakuja kwa neno lenyewe. Mwanzo nilikutetea, yaya. Kila jirani aliyeuliza, nilimuambia kwamba wachuuzi wa mupakani walikuibia, weye ni mutu wa moyo muzuri, ulidanganywa. Fiston naye anasema hivyo mpaka leo. Anatukataza kukuambia vile botini zilikuwa mbaya, usije ukajilaumu.

Lopitalo walitupatia ile botini ya kushoto ndani ya mufuko. Nikaichukua nyuma ya jiko na kisu cha Baba, nikaipasua nione. Soli ya ndani ilikuwa kartoni, yaya. Kartoni ya sabuni, maandishi yangali yanasomeka! Kisigino tupu, kimejazwa unga wa mbao na kole ya kubandikia. Na ile tuliyosema ni ngozi ni kitambaa kilichopakwa rangi, kimefunikwa na kangozi kembamba kuliko ganda la kitunguu. Hasira ilinipanda. Nilimulaani mutu aliyetengeneza kitu kile, nikalaani na tumbo lililomuzaa.

Halafu nikaangalia mushono.

Pembeni ya soli, uzi ulikuwa umepita vizuri sana. Unaenda mashimo matatu, unarudi moja nyuma, unaenda tena, ili ukikatika pahali pamoja usifumuke wote. Mwisho fundo limefichwa chini ya kisigino na kupakwa nta. Mushono ule hakuna fundi mwingine anayeushona. Baba aliubuni mwenyewe kule Butembo, akatufundisha weye na mimi tukiwa tunakaa kwa kabenchi kamoja. Mimi sijashika sindano tangu niolewe. Baba macho yake yamefunikwa na ukungu, sasa anashona viraka tu, kwa kupapasa. Umebaki weye. Na uzi ule haukuwa umeshika kitu, ulipita juu juu tu, wa kupendeza macho ya munuzi. Tumbo nililolaani, yaya, ni la mama yetu. Nilipiga magoti palepale nikamuomba marehemu anisamehe.

Nilitaka bado kukataa. Nikaenda kwa Débora, yule anayeuza viatu sokoni, nikamuuliza botini za namna ile zinatoka wapi. Akacheka. Alisema nusu ya walinzi wa Bunia wanavaa kazi ya kaka yangu, anazo mashine nyuma ya nyumba kule Aru na vijana wa kubandika chapa za ng'ambo, je, siye wa nyumbani hatujue? Aka! Hatukujua. Siye tulikuwa tunakushukuru kwa maombi ya jioni. Kikulacho kiko nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilifikiri walisema juu ya watu wengine.

Swali langu ni moja. Wakati wa kumutumia Fiston, ulijua ni zile za kartoni? Ulijiambia kwamba mulinzi anasimama tu, hatembei? Ao hautengenezi tena ata jozi moja nzima, ya kumupa ndugu yako wa tumbo moja? Nimegeuza maswali haya usiku na muchana, na kila jibu ninalopata linaniumiza kuliko lingine.

Nilimuficha Baba ile botini. Lakini alinisikia nikilia nyuma ya jiko, akakuja polepole akigusa ukuta, akanyoosha mukono. Sikuweza kumunyima. Alipitisha kidole gumba juu ya mushono, toka mbele mpaka kisigino, akafika kwenye fundo, akabaki hapo. Akaomba nimurudishe kitandani, na chakula akakataa mpaka kesho yake.

Fiston hajue. Baba amenikataza kumuambia, na mimi nimekubali, si kwa kukulinda. Ni weye utakuja kumuambia, kwa mudomo wako, ukimuangalia usoni. Usitume mutu na usitume kitu. Ukikuja kwa ajili ya wakwe bila kumuambia kwanza, nitasema mimi, mbele yao wote.

Baba naye ana neno lake. Ameniomba niliandike vile alivyolisema. Anauliza kama kushona vizuri juu ya kartoni ulijifundisha mwenyewe kule Aru, ao ni yeye alikufundisha siku moja bila kujua, kwa neno ao kwa mufano. Kama ni yeye, anasema umujulishe mbio, ili amuombe Fiston musamaha kabla yeye mwenyewe hajakufa.

Desturi inataka nikusalimie tena mwishoni, basi nakusalimia. Nisalimie Espérance, hana kosa, na watoto uwapakate kwa ajili yetu. Bwana awe pamoja na ninyi.

Ni mimi dada yako,
Kavira Adeline