Kikombe cha Mgeni

Nyuma ya Tanuri la Zamani,
Mtaa wa Vigae,
Kisiwa cha Awaji.

21 Novemba, 2018

Mpendwa mjukuu wangu Chigusa,

Salamu nyingi, nyingi kuliko theluji iliyokwisha kukuzika huko Kushiro. Hujambo wewe? Mumeo Hideto hajambo? Miguu yake imepata moto, au bado anakugandisha kitandani kama samaki wa barafu? Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto, meno yote ya juu, na sikio moja linalosikia linachotaka. Hilo sikio nitalirudia, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Samaki mkavu uliyenitumia alifika. Nilimla mzima peke yangu, kisha nikamwambia jirani kwamba paka ndiye aliyekula. Buddha atanisamehe, tumezoeana.

Mwandiko wangu usiucheke. Wewe ni mwalimu. Mimi shule nilitoka na cheti kimoja na chawa wengi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema darasani kwako yupo binti wa Kiindonesia, Lestari, ambaye wazazi wake wanakata samaki bandarini. Kila mtu anampenda, unasema. Kwa kuwa ni mgeni mmemsamehe zamu ya kufagia darasa, na zamu ya kuwapakulia wenzake chakula cha mchana, asije akapata taabu. Hana matatizo, ni mtulivu mno. Ila saa ya kufagia ikifika yeye husimama dirishani, ameshika pazia, na wewe hujui kwa nini jambo dogo kama hilo linakunyima raha.

Mimi najua. Lile neno "mtulivu" lilinisimamisha nywele, na nywele zangu unazijua zilivyo chache.

Sasa nitakusimulia jambo ambalo hata bibi yako Fumi, dada yangu wa tumbo moja, alikufa hajalisikia.

Kazi yangu unaifahamu. Miaka sitini na mitatu, katika kiwanda cha vigae, nachonga mazimwi ya udongo ya kuwekwa pembeni mwa paa, sura mbaya zenye meno na pembe, ili pepo wabaya wasiingie nyumba za watu. Pepo wa kwetu kiwandani hakuna zimwi lililomzuia. Tulimpitisha wenyewe mlango wa mbele na kumkaribisha chai.

Chai tunakunywa mara mbili, saa nne na saa tisa. Juu ya bomba kuna rafu ya vikombe. Kila mmoja alikifinyanga chake kwa udongo uleule wa vigae, kijivu, kibaya, chenye harufu ya moshi. Changu kinafanana na goti langu. Lakini hakuna anayejiamulia tu kujifinyangia. Katika mwaka wako wa kwanza, yule aliyeajiriwa kabla yako, yeye na si mwingine, anakujia siku moja na kukwambia, "Chukua udongo." Maneno mawili tu. Unafinyanga, kinachomwa kwenye pembe ya tanuri, na tangu siku hiyo unakiosha mwenyewe, na ukikidondosha unachekwa mpaka mwaka uishe.

Mgeni ananywea kikombe kingine. Hicho ni cha kauri nyeupe, kimechorwa mawimbi ya buluu, kina kisahani na kifuniko. Kinakaa ndani ya kabati la kioo.

Mwaka 1966 alikuja Arai. Alikaa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za Wakorea. Jina la Arai, la Kijapani, alilivaa kwa ajili ya kazi, kama aproni. Wote tulijua na wote tulinyamaza, tukadhani kunyamaza ni wema. Siku ya kwanza akaletewa chai katika kikombe cha mgeni. Siku ya kwanza hiyo ni adabu. Aliyeajiriwa kabla yake nilikuwa mimi, kwa hiyo lile neno lilikuwa langu.

Sikulisema. Nilitazama wakubwa wangu, wakatazama chai yao. Nikasema kesho. Mwaka ukaisha. Mwaka wa pili nilikuwa mpanga vigae tanurini, na siku ya kufungua nikakuta kikombe kimoja kimefichwa nyuma ya vigae vya mgongo wa paa. Nilijua ni cha nani kwa alama ya kidole gumba, maana cha Arai kilikuwa kimepinda. Nikakiacha palepale. Nilisema moyoni, akikileta mwenyewe mezani, nitamsogezea nafasi. Jioni kilikuwa hakipo. Mimi nikangoja akilete, naye akangoja aambiwe. Tukangojana hivyo, wanaume wawili wazima, tukisalimiana kila asubuhi kwa heshima ya kutosha kuzikia mtu.

Baada yake hakuajiriwa mtu kwa miaka kumi na mitano, maana vijana wote walikimbilia Osaka. Kisha akaja Kadota, kijana wa miaka kumi na minane. Neno la Kadota lilikuwa la Arai kulisema. Lakini Arai angemwambiaje mtu achukue udongo, hali yeye mwenyewe ananywea kauri ya wageni? Ikabaki aibu imeninginia pale juu ya meza. Basi siku moja saa tisa nikainuka mimi, nikapita mbele ya Arai, mbele ya pua yake, nikamwambia Kadota, "Chukua udongo." Wenzangu wakapiga makofi.

 Arai alikifunika kikombe chake. Tik. Akakifuta kwa leso, akakirudisha kabatini mwenyewe.

Alikufa kwa kifua mwaka 1985. Miaka kumi na tisa ya kikombe cha mgeni. Baada ya mazishi mkewe alinijia na furushi la kitambaa, ndani yake kikombe cha kijivu chenye alama ya gumba lililopinda. Akaniambia, "Alisema atakileta siku atakayoambiwa. Mimi sina rafu ya kukiweka." Chini ya kitako kulikuwa na jina limechorwa kwa msumari, kwa herufi za Kikorea. Sikujua kulisoma, nikamwomba anitamkie. Pak Jong-sik.

Nilikificha kwenye sanduku langu la zana. Na tangu mwaka huo, Chigusa, saa tisa ya mchana, jua likiwa kali na watu wakitafuna biskuti zao, nasikia kabatini: tik. Si kila siku. Kabati limefungwa, kikombe hakijaguswa, na nikitazama wenzangu, kila mtu macho yake yako ndani ya chai. Nikaamua ni sikio langu. Mzee ana haki ya kuwa na sikio bovu.

Mwaka juzi akaja Nhan, kutoka Vietnam, mkataba wa miaka mitatu unaoisha Machi. Tuliobaki siku hizi ni mimi, Kadota na huyo binti, na Mama Orie, mjane mwenye kiwanda. Nhan hugeuza vigae vibichi kama anayegeuza mikate. Na Mama Orie, kwa upendo wote, siku ya kwanza akamtengea kikombe kilekile cha mawimbi. Siku ya pili pia. Mwaka wa pili pia. Nilipomgusia alinijia juu: "Mzee, nimpe mtoto wa watu vile vikombe vyenu vya majivu?"

Mwezi uliopita saa tisa nikamkuta Nhan nje, amechutama kando ya lundo la udongo, anakunywa maji kwenye chupa ya plastiki.

"We Nhan, chai yetu ina sumu?"

"Hapana, Mzee. Kile kikombe kizito."

"Kauri ile? Nyepesi kama ganda la yai."

"Basi labda mikono yangu ndiyo mizito." Akacheka kwa adabu. Adabu ileile, mjukuu wangu. Nikageuka kurudi ndani, na sijafika mlangoni: tik.

 Nina miaka sabini na minane. Sina umri wa kulea mizimu miwili. Nikaenda moja kwa moja kwa Kadota, maana kwa Nhan neno ni lake.

"Kadota, mbona humwambii binti achukue udongo?"

"Ataondoka Machi, Mzee Yasa. Tumtwishe mzigo wa nini?"

"Kikombe ni mzigo?"

Akaendelea kukwangua kigae chake. Kisha akauliza bila kunitazama, "Mimi niliambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Lilikuwa neno lako?"

Nikajikuna sikio.

"Nilikuwa kijana, sikuwa kipofu. Niliona Arai alivyofunika. Miaka thelathini na saba nanywea kikombe cha wizi, Mzee. Neno nisilopewa nitampaje mtu?"

Nikakaa chini kabla goti halijaniamulia, nikakalia zimwi lililokuwa bado bichi na kulibonyeza pua. Kadota hakucheka, na hapo ndipo nilipoona tumefika pabaya.

Kesho yake saa tisa nikatoa furushi sandukuni. Nikakiweka kikombe juu ya rafu, kati ya changu na cha Kadota, nikasema yote, kuanzia tanuri mpaka mazishi. Mama Orie alisimama na birika mkononi mpaka mvuke ukaisha. Nikakigeuza kitako, nikalitamka lile jina kwa sauti, mara ya kwanza katika kiwanda kile. Nikamimina chai ndani yake, nikakiambia kikombe, "Pak, chukua udongo."

Hakuna kilichotokea. Chai ilipoa. Ulitaka nini, radi? Nilijiona mjinga, na ujinga wangu ulikuwa umechelewa miaka hamsini na miwili.

Ndipo Kadota akainuka. Akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, masikio yamemwiva. "Nhan. Chukua udongo."

Nhan akamtazama Mama Orie kwanza, kama mgeni anavyoomba ruhusa hata ya kupiga chafya.

"Usinitazame mimi, mwanangu," Mama Orie akasema. "Huu mwaka wa thelathini nawamiminia, na mimi mwenyewe hapo rafuni sina changu."

Tanuri tulilifungua wiki iliyopita. Kikombe cha Nhan kimeegemea upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Kadota alikicheka mpaka akakohoa. Nhan akamwambia, "Chako je, chenye masikio ya punda?" Hilo ndilo tusi la kwanza kutoka kinywani mwake tangu afike kisiwani, na mimi nilijifanya nina vumbi jichoni. Alikuwa amefinyanga viwili. Cha pili ni cha Mama Orie. Kanuni inasemaje juu ya hilo, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Machi ataondoka vilevile. Nilimbembeleza, akakataa. "Mama yangu anaumwa, Mzee. Lakini kikombe kinabaki. Na mtu asikiguse." Amri kabisa, kama mwenye nyumba.

Nilidhani baada ya hayo kifuniko kingenyamaza. Jana saa tisa tulikuwa kimya, tunapuliza chai. Tik. Nikazamisha macho ndani ya kikombe changu, kama nilivyozoea.

Nhan akainua kichwa, akatazama kabati.

"Nani amefunika?"

 Kumbe si sikio. Kadota, bila kuinua macho, akamjibu kama anayetaja mtu aliyetoka kunawa mikono: "Pak." Mama Orie akaitikia kwa kichwa, akajaza kile kikombe chenye alama ya gumba. Miaka yote hiyo walikuwa wakisikia wote, na kila mmoja alidhani yu peke yake.

Nhan akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Tukaendelea kunywa.

Sasa wewe, bibi mwalimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti wako ana muda gani hapo, mwaka? Kesho mpe ufagio. Mvike ile aproni nyeupe, ashike upawa, awapakulie wenzake supu, na akimwaga achekwe kidogo, naye awacheke wao wakimwaga. Akiacha vumbi pembeni mgombeze kama unavyowagombeza wengine. Usingoje akuombe. Mgeni haombi, atasimama dirishani na kukushukuru kwa adabu mpaka siku ya kuondoka, na baada ya hapo utabaki wewe na pazia likitikisika hali dirisha limefungwa.

Nisalimie mama yako Tamae, mwambie deni lake la kunitembelea limeota ukungu. Msalimie Hideto na miguu yake. Msalimie na huyo Lestari, mwambie kuna babu mmoja mbaya wa sura huku Awaji anauliza alifagiaje.

Paa lenu lisivuje, na atakayeketi chini yake asiwe mgeni mara mbili.

Ni mimi babu yako, nikupendaye kwa meno yote yaliyobaki,

Yasaburo